Chapeo ya babu: ya Mjerumani wa vita au ya bwana mkonge?

Wiki hii barua nne na zote za chapeo, yaani kofia ngumu za jua, zile nyeupe au za kaki walizokuwa wanavaa wazungu. Nadhani ni kwa sababu toleo lililopita niligusia moja kidogo tu nikapita, kumbe nimechokoza nyuki.

SWALI: Shikamoo mzee wa vya kale. Mimi nipo Ngamiani hapahapa Tanga, barabara ya 12. Marehemu babu yetu alikuwa karani shamba la mkonge upande wa Muheza, na alipofariki tukakuta kwenye sanduku lake la bati kofia moja ngumu ya kizungu, zamani ilikuwa nyeupe sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bibi anasema babu alipewa na bwana wake alipokuwa anaondoka nchini. Sasa kuna dalali kaja, anasema hiyo ni ya ofisa wa Kijerumani wa vita ya 1914, akatoa laki mbili, nilivyosita tu akapandisha laki tatu palepale ndo nikashtuka. Binamu yangu yeye anasema ni za watalii tu hizo. Picha nimekutumia. — Mwanahawa

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Binamu yako mwambie apumzike, hiyo si ya watalii. Na dalali mwambie apunguze hadithi. Picha zako za kwanza zilikuwa za juu tu, na kila mtu anafanya hivyohivyo, anaipiga kofia picha kama ya pasipoti, wakati juu ndo panapodanganya. Ndo maana nikakwambia igeuze, uipige ndani kama mtu anayeangalia sufuria imetoboka wapi. Ulipotuma zile za pili kazi ikawa imeisha.

Tuanze na Mjerumani maana Tanga hii kila kofia ngumu ni ya Mjerumani, kama ambavyo kila nyumba yenye ukuta mnene ni ya Mjerumani. Vita ya Tanga ilipiganwa mwanzoni mwa Novemba 1914, tarehe 2 mpaka 5. Waingereza walishusha watu kama 8,000 upande wa Raskazone, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000 tu, na bado Waingereza wakapigwa mpaka wakarudi melini, wakaacha bunduki za rashasha 16 na risasi laki sita, na hadithi ya nyuki waliowauma wanajeshi, ambayo wote tumekua nayo. Sasa jiulize, vichwani mwa watu wote hao kulikuwa na nini? Wale 8,000 wengi wao walikuwa Wahindi na vilemba vyao. Waingereza wenyewe kwa wenyewe walikuwa batalioni moja, ile ya pili ya Loyal North Lancashire, hao ndo wenye chapeo pamoja na maofisa waliokuwa wanaongoza vikosi vya Kihindi. Upande wa pili, askari wetu walivaa tarbushi iliyovikwa kaki, ina kipande cha kuning'inia nyuma kufunika shingo na tai wa bati mbele. Chapeo ilikuwa ya mzungu. Kwa hiyo hata siku ile vita inapamba moto, chapeo mjini zilikuwa za kuhesabika, halafu uziweke miaka zaidi ya 110 na mende wa Tanga na unyevu wa Tanga, uone zitabaki ngapi.

Ila mkonge je? Mjerumani Hindorf kaleta miche ya mkonge 1893, na toka hapo mashamba yakaenea Muheza, Korogwe, Pangani kote, Wajerumani wakaja, wakaja Wagiriki, Waswisi, Waingereza, na kila bwana shamba na mhasibu wake na fundi wa korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, alikuwa na kofia ya jua, wengine mbili, ya kazini na ya klabu. Hao walivaa miaka na miaka, si siku nne. Ndo maana chapeo ikitoka sandukuni Tanga, mimi nafikiria mkonge kwanza, vita baadaye.

Haya, ndani ya kofia ya babu yako. Nimekuza ile picha mpaka macho yakauma. Kwanza ukanda wa jasho, ule wa ngozi unaogusa paji la uso, haujashonwa kwenye kofia moja kwa moja, umeachanishwa na vipande vidogovidogo vya koki, ile ya vizibo, unaviona kama meno, ili hewa ipite kati ya kichwa na kofia. Hiyo ni kazi ya zamani, ya watu wanaojua wanachofanya. Ya watalii ukanda wake umegandishwa na gundi au umebanwa na pini za stepla. Pili, chini ya ukingo kitambaa ni cha kijani, hiyo ilikuwa kawaida, ipunguze mwanga unaorudi kutoka chini usiumize macho. Tatu, pale ukingo ulipochubuka karibu na sikio la kushoto panaonekana koki yenyewe, kahawia yenye chembechembe, mti uleule wa vizibo vya chupa, kwao Ureno na Hispania. Ingekuwa ya karatasi ungeona kijivu na nyuzinyuzi kama trei ya mayai.

Nne ndo iliyonifurahisha mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Pale katikati kwenye bitana kuna lebo ya karatasi, mende wameila nusu, lakini juu imebaki MON AR na chini PORT SA. Mjukuu wangu, hiyo ni Simon Arzt wa Port Said! Lilikuwa duka kubwa pale mdomoni mwa mfereji wa Suez, na meli za abiria zinazokuja huku au kwenda India zilikuwa zinasimama Port Said, abiria wanashuka kununua vitu, na kitu cha kwanza ambacho mzungu mgeni alikuwa ananunua ni kofia ya jua, maana kaambiwa bila hiyo Afrika hatoboi. Na walipokuwa wanarudi kwao kwa jumla, wengine walikuwa wanazirusha baharini meli ikishapita Suez, basi kimekwisha. Huyu bwana wa babu yako angeirusha, ila kaona bora amwachie karani wake.

Kwa hiyo ni kofia ya abiria. Si ya jeshi. Ningeona ya jeshi ningetafuta mhuri, na mhuri wa serikali ya Uingereza haufichiki, ni mshale wenye mistari mitatu kama unyayo wa kuku, umegongwa kwenye bitana au kwenye ngozi. Ukiwa na herufi I chini yake ni mali ya jeshi la India, na unyayo wa kuku uliofungiwa ndani ya U ni Afrika Kusini, na hizo za Afrika Kusini zilipita huku Afrika Mashariki mara nyingi kwenye vita vya pili. Halafu ya jeshi mara nyingi ubavuni pana alama ya kitambaa cha kikosi, au kama imeng'olewa panabaki matundu ya sindano na kivuli cha rangi ambayo haikupigwa na jua. Yako ubavu ni safi kabisa, kilemba chake, kile kitambaa cha mikunjo kinachoizunguka, hakijawahi kudungwa.

Laki tatu ya dalali sijui aliipigia hesabu gani. Ukitaka kumuuzia muuzie, ni mali yenu, ila usimpe karatasi wala kauli kwamba ni ya ofisa wa 1914, maana ataenda nayo kwa mtu mwingine na jina lako litakuwemo. Na lebo ile usiiguse hata kwa kidole. Ingekuwa yangu ningekaa nayo, pamoja na jina la shamba na mwaka babu alipopewa, viandike wakati bibi bado anakumbuka, manake kofia ya Port Said zipo nyingi duniani, lakini ya Port Said iliyokaa kwenye sanduku la karani wa Muheza ni hiyo moja.

SWALI: Mzee, nipo Bagamoyo natembeza wageni. Wananiuliza hizi kofia asili yake ni wapi, Ujerumani au Uingereza, nami huwa najibu Ujerumani ili yaishe. Na je, kweli jua letu lilikuwa linawaua? — Kijana wa Dunda

JIBU: "Ili yaishe" ndo ugonjwa wa matembezi ya wageni nchi hii, lakini afadhali wewe umeuliza. Jibu si huku wala kule. Umbo lake walilitoa Ufilipino, kuna kofia ya kule inaitwa salakot, ya mianzi na majani, Wahispania wakaiiga, wakafuata Wafaransa. Waingereza wao walianzia India miaka ya 1840, kule kuna mmea wa majimajini huko Bengal unaitwa sola, shina lake ndani jeupe, jepesi kama sponji, wanalikata nyembamba kama karatasi wanazibandika tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu. Ndo likaja jina sola topi, na topi kwa Kihindi ni kofia tu, usije ukamwambia mgeni ni mnyama. Shida ya sola ikinyeshewa inalainika na ukiikalia ndo basi tena, kwa hiyo majeshi mengi yakaenda kwenye koki, nzito kidogo lakini inavumilia.

Sisi wenyewe neno tunalo tayari, chapeo, la toka kwa Mreno, na wanaosoma Biblia wanalijua, Waefeso 6:17, chapeo ya wokovu.

Ile ya Waingereza yenye ncha mbele na nyuma, nyembamba ubavuni, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1870. Ilikuwa nyeupe, na nyeupe vitani ni shabaha, kwa hiyo mwaka 1879 walipokuwa wanapigana na Wazulu askari walichovya kofia zao kwenye chai ikolee rangi ya vumbi. Mimi hii huwa inanichekesha sana, chai ya jioni imekuwa silaha. Baadaye ikaja ile pana, ukingo umezunguka wote na umeshuka nyuma kulinda shingo, wanaiita Wolseley kwa jina la jenerali wao, hiyo ndo ya enzi za vita vya kwanza, wakati Waingereza waliposhika Bagamoyo Agosti 1916. Wajerumani nao walikuwa na ya kwao, ya koki, na duara dogo la rangi tatu mbele, nyeusi nyeupe nyekundu, rangi za dola yao. Kwa hiyo ukiwa pale Boma ukimwonyesha mtu picha ya zamani angalia hilo duara kwanza kabla hujafungua mdomo.

Kama kofia ipo mkononi na ina jina la Hawkes wa London, watengeneza kofia, na anwani imeandikwa Savile Row namba 1, basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1912, maana mwaka huo ndo walihamia pale. Wakikwambia ilivaliwa na mtu wa Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani, Bagamoyo 1889, kunywa maji uondoke. Vitu vidogo kama anwani vinamaliza ubishi kuliko wazee kumi.

Swali lako la jua. Madaktari wa kizungu waliamini kabisa kuna miale inapenya fuvu inapika ubongo, na si fuvu tu, walikuwa wanashona pedi za kuvaa mgongoni kulinda uti wa mgongo. Mtoto wa kizungu akitoka nje bila chapeo anafinywa. Na pembeni hapo anapita mvuvi wa Bagamoyo na pama lake la ukindu, au hana hata hilo, toka alfajiri mpaka alasiri yupo juani, haumwi. Hakuna aliyemuuliza. Ilikuja kuonekana kinachoua ni joto la mwili na kukosa maji, na askari waliovaa kofia laini za sufu kwenye jua hilohilo walikuwa wazima tu, basi miaka ya vita vya pili zikaanza kuachwa, zikabaki za gwaride. Magavana ndo walizing'ang'ania, nyeupe na manyoya juu, Twining na wenzake, ukiona picha zile utadhani jogoo kavaa medali.

Na msisahau watu wa ngoma ya beni. Beni za pwani, Marini na Arinoti, walikuwa wanavaa sare za kuigiza jeshi la mzungu kuanzia cheo mpaka kofia, kwa mashindano na kwa kejeli pia, usiniambie haikuwa kejeli. Akitokea mtu aniletee chapeo ya beni iliyotengenezwa kwa boksi na kuvikwa kitambaa cha marekani, chapeo yangu ya London nitaitoa nje ya kabati nimpishe.

SWALI: Nimepata chapeo ya kaki ina beji ya tai upande mmoja na ngao ya rangi tatu upande wa pili. Muuzaji anasema ni ya Wajerumani wa Rommel. Nitoe hela? — Mpenda vya kale, Chumbageni

JIBU: Usitoe kwanza. Nikupe yaliyonikuta mimi, na muuzaji nitamsitiri. Miaka kadhaa nyuma, jamaa mmoja kaniletea hivyohivyo, tai kulia, ngao kushoto, kaki imepauka vizuri, nami macho yakanitoka nikatoa laki moja na nusu bila hata kukaa chini. Jioni nikaiweka barazani, ikanyesha ile mvua ya ghafla ya vuli, dakika tano tu. Asubuhi naikuta ukingo umelala kama chapati. Nikachana bitana kwa hasira, ndani karatasi tupu, imepondwa ikabanwa kwenye kalibu, na vile vipini vinavyoshika beji vinang'aa shaba mpya kabisa wakati beji kwa mbele imepakwa weusi ionekane kongwe. Ilikuwa imetengenezwa Vietnam. Wao wanavaa kofia za namna hiyo mpaka leo, za kijani, urithi wa Mfaransa, na viwanda vyao ndo vinavyolisha watalii wa dunia nzima. Mke wangu aliifanya kiota cha kuku anayeatamia na alitotoa tisa, kwa hiyo hela haikupotea yote.

Sasa ya kweli. Majeshi ya Rommel, yule jenerali wa Kijerumani wa vita vya pili, yalitua Libya Februari 1941 na hayakufika huku hata siku moja. Ya kwanza kutengenezwa ilikuwa ya koki iliyovikwa turubai la kijani kama zeituni, kitambaa kimeunganishwa vipande, bitana nyekundu juu na chini ya ukingo kijani. Baadaye wakatoa ya sufu iliyobanwa, kipande kimoja haina mishono. Zote mbili zina ngao mbili za bati, hapo muuzaji wako yuko sawa, lakini ngao zinanunuliwa peke yake. Toa beji taratibu uangalie kitambaa chini yake, kama imekaa hapo miaka 80 chini yake patakuwa na rangi iliyokolea na alama ya umbo lake, na vipini vitakuwa vimeacha kutu. Ukikuta rangi ni moja kote, beji ni ya juzi. Angalia pia mhuri wa kiwanda na mwaka na saizi.

Halafu jiulize ilifikaje Chumbageni. Ya Mwitaliano nakuelewa haraka, maana vijana wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, walipigana na Waitaliano Ethiopia mpaka wakasalimu amri 1941, na mateka wengi wakaletwa kambi za huku, Tabora mojawapo. Ya Mwitaliano ni ya koki, na mbele ina ua la duara kijani katikati, nyeupe, nyekundu nje. Nisingeshangaa hata kidogo kuiona Tanga. Na kuna ile ya Wamarekani, hiyo ni nyuzi zilizobanwa kwa mashine, ukiigonga inalia kama ndoo, waliifanya kwa wingi sana miaka ya 1940 na haina thamani kubwa, lakini watu wanaibandika tai wakaiuza, kwa hiyo na yako igonge. Koki haina sauti, ukigonga ni kama unagonga mkate.

SWALI: Mzee, ya kwangu ina ukungu na harufu ya stoo. Niioshe na Omo? — Mama Rama, Pongwe

JIBU: Mama Rama, weka Omo chini! Maji ndo yanaziua, gundi inaachia na koki inavimba. Itoe stoo, iweke kivulini penye upepo siku mbili tatu, isiwe juani, najua inachekesha kofia ya jua kuikataza jua lakini ngozi inapasuka. Ukungu ukikauka upanguse kwa brashi laini kavu, ile ya kupaka rangi, ukiwa umefunga pua. Ile chaki nyeupe ya juu usiikwangue, zamani walikuwa wanazipaka ziwe nyeupe na ni sehemu ya kofia. Shaba ikiwa na kijani iache ilivyo. Ndani weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uikunjekunje ijaze umbo, si gazeti, wino unahama, na uikalishe juu ya kitu cha mviringo, ukingo usibebe uzito. Dhidi ya mende weka karafuu kwenye kitambaa pembeni, si ndani, na kila baada ya mwezi ifunue uitazame, hasa pale kwenye lebo na kwenye mishono, kwa sababu wanaanza na gundi. Na kama una mpango wa kuituma kwa mtu nje ya nchi, pitia kwanza kwa watu wa Mambo ya Kale wakuambie inaruhusiwa au la, usisubiri kubishana bandarini.

Ila hukuniambia ndani pameandikwa nini. Igeuze, piga picha, nitumie.